Sura ya Tano: Bingwa Aliyetakiwa na Bingwa Aliyepatikana

Mashindano ya kwanza nusura yavunjike kwa sababu ya mkate. Ilikuwa Oktoba 1920, Moscow. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa havijaisha, reli zilikuwa hoi, na watu wa mjini walikuwa wakiuza makoti yao wapate viazi. Katika hali hiyo ofisa mmoja wa serikali mpya, Alexander Ilyin-Genevsky, aliamua kuwakusanya wachezaji bora wa sataranji wa nchi nzima. Alikuwa akifanya kazi katika idara ya kuwafundisha raia mambo ya kijeshi, na hoja aliyowapelekea wakubwa wake ilikuwa ya kijeshi vilevile: mchezo huu humzoesha askari kutulia, kupima na kuona mbali. Mwenyewe alikuwa mchezaji hodari. Katika Vita Kuu ya Kwanza mlipuko wa kombora ulimtikisa ubongo hata akalazimika kujifunza upya namna kete zinavyotembea.

Wachezaji walitafutwa kwa telegramu kupitia kamandi za jeshi, na baadhi yao walifika Moscow kama watu waliopewa amri, wala si kama wageni walioalikwa. Walilazwa bwenini wakapewa chakula cha kambi, nayo kambi haikuwa na chakula. Kabla mashindano hayajaisha wakaandika barua ya madai: watangulizwe pesa, mkate uongezwe, sigara zitolewe; la sivyo hawachezi. Ilyin-Genevsky akahangaika huku na huko hadi akapata cha kuwatuliza. Walikuwa wachezaji 16, kila mmoja na michezo 15. Mshindi alikuwa Alexander Alekhine, alama 12, na Pyotr Romanovsky akamfuata kwa alama 11.

Alekhine alikuwa mtoto wa ukoo wenye mali, na mwaka uliotangulia alikuwa ameonja jela ya Odessa. Mwaka 1921 aliondoka na mke wake Mswisi, asirudi tena. Alipompokonya José Raúl Capablanca ubingwa wa dunia mwaka 1927 huko Buenos Aires, magazeti ya nyumbani yalikuwa yakielekea kumwita adui. Mashindano ya 1920 hayakuitwa hata ubingwa wakati yalipochezwa. Yaliitwa Olimpiadi ya Urusi Nzima, na baadaye ndipo yakahesabiwa kuwa ya kwanza. Kwa hiyo jina linaloanza orodha ya mabingwa wa Kisovieti ni la mtu aliyewakimbia Wasovieti ndani ya mwaka mmoja. Orodha hiyo ilifika mashindano 58, hadi 1991. Mimi naisoma kama daftari la mvutano wa miaka 71 kati ya dola iliyotaka bingwa wa namna fulani na ubao ambao kila mara ulimtoa mwingine.

Waliomfuata Alekhine hawakuipa dola nafuu. Romanovsky alishinda 1923, akabaki. Efim Bogoljubov alishinda 1924 na 1925, na mwishoni mwa 1925 akaongoza mashindano makubwa ya kimataifa ya Moscow mbele ya Emanuel Lasker na Capablanca; mwaka uliofuata akaukana uraia wa Kisovieti, akaishi Ujerumani. Mwaka 1927 Romanovsky aligawana ubingwa na Fedor Bohatirchuk, daktari wa picha za eksirei kutoka Kyiv, ambaye baada ya Vita Kuu ya Pili aliishia Kanada akifundisha anatomia katika Chuo Kikuu cha Ottawa. Kwa kuwa wakati wa vita alijiunga na upande uliompinga Stalin, jina lake likafutwa katika vitabu vya sataranji vya nyumbani, na msomaji wa Moscow angeweza kuzeeka bila kujua kwamba mtu huyo aliwahi kuwa bingwa. Mwaka 1929 alishinda Boris Verlinsky wa Odessa, mtu aliyepoteza usikivu kwa maradhi tangu utotoni. Alipewa cheo cha grandimasta, cha kwanza cha Kisovieti. Miaka miwili baadaye cheo hicho kikafutwa, naye akabaki mikono mitupu.

Nyuma ya haya yote kulikuwa na mtu mmoja wa kuogopwa. Nikolai Krylenko alikuwa amiri wa kwanza wa majeshi baada ya mapinduzi, kisha mwendesha mashtaka aliyewadai watu wengi adhabu ya kifo, kisha kamishna wa sheria. Tangu 1924, sataranji ilipowekwa chini ya baraza la michezo la serikali, ndiye aliyeishika. Akahariri jarida la 64. Akaupeleka mchezo viwandani, kwenye makambi ya askari na katika vyama vya wafanyakazi, na kufikia miaka ya 1930 hapakuwa na nchi nyingine duniani ambapo mtoto wa fundi wa reli angeweza kupata ubao, saa, mwalimu na chumba chenye joto bila kutoa senti. Sifa hiyo ni yake, na sioni sababu ya kumnyima, ingawa mikono yake ilikuwa na damu.

Ubingwa wa taifa ulikuwa kilele cha ngazi hiyo. Mchezaji alianzia katika klabu, akapanda hadi ubingwa wa mji, wa jamhuri, robo fainali, nusu fainali, na kila ngazi ilikuwa na wiki zake za kuumiza kichwa. Waliofika fainali walikuwa kati ya 18 na 22 kwa kawaida, na kila mmoja alicheza na kila mmoja, kwa karibu mwezi mzima. Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu: kwa miongo mingi Wakenya wamekuwa wakisema kwamba kupenya mchujo wao wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji ni kugumu kuliko kuipata medali ya Olimpiki yenyewe. Sataranji ya Kisovieti ilikuwa hivyo. Wasovieti wote saba waliowahi kuwa mabingwa wa dunia, kuanzia Botvinnik hadi Kasparov, waliupata ubingwa wa taifa angalau mara moja, na karibu wote waliwahi kuukosa wakiwa katika ubora wao.

Mikhail Botvinnik ndiye bingwa aliyetakiwa. Alizaliwa 1911, akasomea uhandisi wa umeme Leningrad, hakuwahi kucheza chini ya tsar, hakuvuta sigara, na aliandaa michezo yake kama mhandisi anavyoandaa mtambo. Alitwaa ubingwa 1931 akiwa na miaka 20, akautwaa tena 1933. Krylenko alikuwa amempata mtu wake. Ila katika mashindano yaliyoanza mwishoni mwa 1934 walioshinda kwa pamoja walikuwa wazee wawili wa zama za zamani, Ilya Rabinovich na Grigory Levenfish.

Huyu Levenfish anastahili tukae naye kidogo. Alizaliwa 1889. Alikuwa mhandisi wa viwanda vya kioo, na mwaka 1911 alikuwa ameshacheza Carlsbad pamoja na magwiji wa Ulaya, mwaka ambao Botvinnik alizaliwa. Watu wa umri wake walichukuliwa kuwa masalia. Lakini mwaka 1937, huko Tbilisi, Botvinnik alipokuwa ameshughulika na tasnifu yake, Levenfish akashinda ubingwa peke yake akiwa na miaka 48. Ikaonekana hilo haliwezi kuachwa hivihivi. Ikapangwa mechi kati yake na Botvinnik, michezo ikachezwa Moscow na Leningrad vuli ya mwaka huohuo. Baada ya michezo 13 kila mmoja alikuwa ameshinda 5, na 3 walitoka sare. Bingwa akabaki bingwa, akapewa na cheo cha grandimasta.

Mwaka uliofuata Waholanzi waliandaa mashindano ya AVRO, ambayo yalikusanya wachezaji wanane bora duniani na yalionekana kuwa njia ya kumpinga Alekhine. Nafasi ya Kisovieti ilikuwa moja. Bingwa wa nchi alikuwa Levenfish. Aliyepanda treni alikuwa Botvinnik.

Watetezi wa uamuzi ule husema kwamba Botvinnik alikuwa na mustakabali, na kwa kweli alimaliza wa tatu, nyuma ya Paul Keres na Reuben Fine. Mimi sina shaka kwamba alikuwa mchezaji mkubwa kuliko Levenfish. Ila kama ubingwa wa taifa haumpi mwenye nao hata tiketi ya kusafiri, mtu ana haki ya kuuliza ulikuwa unashindaniwa nini. Levenfish hakupewa tena nafasi ya namna ile. Krylenko, aliyeipanga ile mechi ya 1937, hakuyaona mashindano ya AVRO: alikamatwa mapema 1938, akahukumiwa kwa shauri la kama dakika 20, na tarehe 29 Julai akapigwa risasi.

Botvinnik alishinda 1939. Mwaka 1940 mambo yakaharibika tena. Ukumbi wa konsavatori ya Moscow ulijaa watu, moshi na kelele, na katika vurumai hiyo wakashinda kwa pamoja Igor Bondarevsky na Andor Lilienthal, Mhungaria aliyekuwa amepata uraia wa Kisovieti mwaka mmoja tu kabla. Botvinnik aligawana nafasi ya tano. Kanuni ilidai mechi kati ya washindi wawili. Badala yake, baada ya Botvinnik kumwandikia barua ofisa wa michezo, ukazuliwa mchuano mpya wa watu sita waliomaliza juu, kila mmoja akutane na mwenzake mara nne, na mshindi aitwe Bingwa Kamili wa Muungano wa Kisovieti. Cheo hicho hakikuwapo kabla ya 1941 wala hakikutumika tena baada yake. Ulichezwa Leningrad na Moscow majira ya kuchipua. Botvinnik alipata alama 13.5 kati ya 20. Keres aliyemfuata alipata 11. Mabingwa halali wawili, Lilienthal na Bondarevsky, wakashika mkia. Kwa ubao Botvinnik aliwanyamazisha wote. Kwa utaratibu, ulikuwa mchezo mchafu, na hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Juni 1941 nusu fainali ya ubingwa ilikuwa ikichezwa Rostov-on-Don Ujerumani ilipovamia. Haikumalizika. Ilyin-Genevsky, aliyewatafutia wenzake mkate mwaka 1920, aliuawa mwaka huohuo ndege za Kijerumani zilipodondosha mabomu kwenye Ziwa Ladoga. Rabinovich alitolewa Leningrad akiwa amekondeshwa na njaa ya mzingiro, akafa 1942. Romanovsky alikutwa nyumbani kwake hajitambui, na aliokuwa nao mle ndani walikuwa wameshakufa. Vladimirs Petrovs, Mlatvia aliyecheza fainali ya 1940, hakuuawa na Wajerumani. Walimkamata watu wa dola yake mpya mwaka 1942, akafa kambini mwaka uliofuata.

Baada ya vita dola ikapata ilichokitaka, na kupita. Botvinnik alishinda 1944 na 1945, mara hii ya pili bila kupoteza hata mchezo mmoja, na 1948 akawa bingwa wa dunia. Tangu hapo kiti hicho kilikaliwa na Msovieti mmoja baada ya mwingine hadi 1972. Ila nyumbani bingwa wa dunia hakuogopwa. Mwaka 1951 Botvinnik alicheza fainali ya taifa akamaliza wa tano. Aliyeshinda alikuwa Keres, Mwestonia ambaye nchi yake ilimezwa 1940, ambaye wakati wa vita alicheza mashindano chini ya Wajerumani na kwa sababu hiyo alihojiwa na kutiliwa shaka kwa muda mrefu. Lilikuwa taji lake la tatu. Mwaka 1952 Botvinnik alilingana na Mark Taimanov, mpiga piano wa kumbi kubwa, na ikabidi wacheze mechi ya michezo sita ili bingwa wa dunia aitwe pia bingwa wa nchi. Alishinda kwa tofauti ya alama moja.

Fainali za miaka ile zilikuwa tamasha. Jukwaani meza zilipangwa mstari, na juu yake mbao kubwa za ukutani ambazo vijana walisogeza kete zake kwa fimbo ndefu. Watu waliosimama nje walipashwa habari za kila hatua. Mchezo usiomalizika baada ya saa tano uliahirishwa: mwenye zamu aliandika hatua yake kwa siri, karatasi ikatiwa bahashani, bahasha akakabidhiwa mwamuzi. Usiku huo mchezaji na wasaidizi wake hawakulala. Michezo mingi ilishindwa hotelini, juu ya kitanda, saa tisa za usiku.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Riga, mwaka 1958, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu sijui mchezo mwingine wa siku moja uliobeba mambo mengi kiasi hiki. Raundi ya mwisho iliwakutanisha vijana wawili wa miaka 21. Mikhail Tal alikuwa bingwa mtetezi na mtoto wa mji. Boris Spassky alitoka Leningrad, mwanafunzi wa jumba la mapainia, yaani kituo cha watoto ambako dola ilikuwa ikiwalea wachezaji wake. Nafasi nne za juu zilikuwa tiketi za mashindano ya kanda za dunia, na bila hizo hakuna kufika kwa bingwa wa dunia kwa miaka mitatu mingine. Spassky alishika nyeupe, akashambulia jioni nzima. Mchezo ulipoahirishwa, yeye ndiye aliyekuwa juu.

Tufanye hesabu. Kama Spassky angeshinda, Tal angebaki na alama 11.5, Tigran Petrosian angekuwa bingwa kwa alama zake 12, na Spassky angepata tiketi. Sare ingempeleka kwenye mechi ya ziada na Yuri Averbakh. Spassky alirudi mezani asubuhi akiwa hajalala, akatafuta ushindi, akaukosa, akaukosa tena, mfalme wake mwenyewe akaanza kuwindwa, na hatimaye akasalimu amri. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alitoka nje akatembea barabarani akilia kama mtoto. Tal alipata alama 12.5 na ubingwa wa pili mfululizo. Akaenda mashindano ya kanda akashinda, akashinda ya wateule, yaani yale yanayomtoa mpinzani wa bingwa wa dunia, na Mei 1960 akamng'oa Botvinnik kwenye kiti cha dunia. Spassky alisubiri hadi 1969. Mtu anayedhani sataranji ni mchezo usio na bahati aulize asubuhi ile ya Riga.

Miaka ya 1960 taji lilipita mikononi mwa watu wachache: Petrosian, Viktor Korchnoi, Spassky, Lev Polugaevsky. Mwaka 1967, kuadhimisha nusu karne ya mapinduzi, fainali ya Kharkov iliwaingiza wachezaji 126 kwa mtindo wa kupangwa kila raundi kulingana na alama. Halikuwa wazo zuri, na halikurudiwa mwaka uliofuata. Anayenisikitisha zaidi katika kundi hili ni Leonid Stein wa Ukraine. Alikuwa bingwa mara tatu ndani ya miaka minne, na watu waliocheza naye walimhofu kama walivyomhofu Tal. Lakini shirikisho la dunia, likichoka na wingi wa Wasovieti, lilikuwa limeweka kikomo cha wachezaji wa nchi moja wanaoweza kusonga mbele. Katika mashindano ya kanda ya Amsterdam mwaka 1964 Stein alimaliza wa tano na David Bronstein wa sita, wote wakaachwa nje, na nafasi zao wakapewa waliomaliza nyuma yao. Bingwa wa taifa gumu kuliko yote duniani hakuwahi kucheza hata mara moja katika mashindano ya wateule. Alifariki ghafla hotelini Moscow mwaka 1973, ana miaka 38.

Upande wa wanawake ulikuwa na ubingwa wake tangu 1927, na wa kwanza kuutwaa alikuwa Olga Rubtsova. Mwaka 1956 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1974 binti yake, Elena Fatalibekova, akautwaa ubingwa wa Kisovieti pia. Watu wa Georgia, wakiongozwa na Nona Gaprindashvili, ndio walioutawala uwanja huo katika miaka ya baadaye, na habari yao inahitaji sura nzima.

Turudi kwa wanaume, na kwa aibu ya 1972. Bobby Fischer, Mmarekani aliyejisomea magazeti ya sataranji ya Kirusi kwa bidii kuliko Warusi wengi, alimshinda Spassky huko Reykjavik. Kabla yake alikuwa amemchapa Taimanov 6 kwa 0, na Taimanov akaporwa vyeo na ruhusa ya kusafiri. Spassky naye alifungiwa safari kwa miezi kadhaa. Wakubwa wa michezo wakatafuta sababu, wakaiona katika ubingwa wa taifa: vigogo walikuwa wamezoea kuukwepa wakikimbilia mashindano ya nje yenye zawadi za dola. Kwa mfano, 1971 mbele ya Tal, Vasily Smyslov na kijana Anatoly Karpov, aliyeshinda alikuwa Vladimir Savon wa Kharkov, mtu ambaye hakuwa hata grandimasta.

Basi amri ikatoka. Oktoba 1973, Moscow, kila mwenye jina acheze. Wakakaa meza moja Spassky, Petrosian, Tal na Smyslov, wote waliowahi kuwa mabingwa wa dunia. Karpov, aliyekuwa njiani kuwa. Korchnoi, Keres, Polugaevsky, Geller, Taimanov, na Savon mwenyewe. Ni ukali usiokuwa na mfano katika ubingwa wa nchi yoyote, kabla au baadaye. Nakubali kubishiwa, lakini mbishi alete orodha yake. Na kama ilivyo desturi ya daftari hili, waliotarajiwa hawakushinda. Wakubwa walikuwa wakimtazama Karpov. Aliyechukua taji, kwa alama 11.5 kati ya 17, alikuwa Spassky, aliyetoka kuadhibiwa kwa kushindwa na Fischer. Karpov alikuwa miongoni mwa watano waliolingana alama moja nyuma yake.

Julai 1976 Korchnoi, bingwa mara nne, aliomba hifadhi Amsterdam. Wachezaji wakaletewa barua ya kumlaani ili watie saini. Wengi walitia. Spassky, Bronstein na Boris Gulko hawakutia, na, ajabu ya Mungu, hata Botvinnik alikataa kuweka jina lake katika barua ya pamoja. Korchnoi alipocheza na Karpov kuwania ubingwa wa dunia mwaka 1978 huko Baguio, magazeti ya Kisovieti yaliepuka kumtaja. Alikuwa tu "mpinzani".

Gulko alilipa bei kubwa kwa kukataa kutia saini. Mwaka 1977 aligawana ubingwa na Iosif Dorfman. Wakacheza mechi ya kuamua, ikatoka sare, wote wawili wakatangazwa mabingwa. Mwaka 1979 aliomba ruhusa ya kuhama yeye na mkewe, Anna Akhsharumova, ambaye naye alikuwa bingwa wa wanawake wa 1976. Wakanyimwa. Kwa miaka saba bingwa wa nchi hakuruhusiwa kutoka nje ya nchi, na ndani alialikwa kwenye vijishindano vya pembeni tu. Waligoma kula, waliandamana, walikamatwa. Katikati ya hayo, mwaka 1984, Akhsharumova akatwaa ubingwa wa Kisovieti kwa mara ya pili. Waliachiliwa 1986. Mwaka uliofuata Akhsharumova alikuwa bingwa wa wanawake wa Marekani, akishinda kila mchezo. Gulko alitwaa wa Marekani 1994 na tena 1999. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kuwa bingwa wa nchi zote mbili.

Baada ya hapo ubingwa ulianza kuchoka pamoja na nchi. Bado ulitoa mambo ya kukumbukwa: Efim Geller akishinda Minsk mwaka 1979 akiwa na miaka 54, miaka 24 baada ya taji lake la kwanza, katika fainali iliyokuwa na Garry Kasparov wa miaka 16, na Kasparov huyohuyo akigawana taji la 1981 na Lev Psakhis huko Frunze, akiwa na 18. Mwaka 1988 Karpov na Kasparov walilingana Moscow, mechi ya kuamua ikapangwa, wakashindwa kukubaliana masharti, haikuchezwa kamwe. Huko nyuma nani angethubutu kuwaacha mabingwa wagombane hadharani hadi mechi ife? Mwaka 1990, Leningrad, wanne walilingana kileleni, na waliojali walikuwa wachache.

Mashindano ya 58 yalichezwa Moscow, Novemba 1991, kwa mtindo uleule wa Kharkov wa kupangana kwa alama. Walioongoza ni Artashes Minasian wa Armenia na Elmar Magerramov wa Azerbaijan, wakati nchi zao zimeshaanza kupigana risasi kwa ajili ya Karabakh. Minasian akapewa taji kwa vigezo vya ziada. Tarehe 25 Desemba Mikhail Gorbachev akajiuzulu, na nchi ambayo Minasian alikuwa bingwa wake ikakoma kuwapo. Aliendelea kucheza. Mwaka 2006 huko Turin, na tena 2008 huko Dresden, alikuwa katika kikosi kilichotwaa dhahabu ya Olimpiadi ya sataranji, kikiichezea Armenia.